Kituo cha afya cha kata yetu: mimba mbili, miaka tisa, haya ndo niliyoyaona

Kila shoga yangu au jirani akishika ujauzito swali ni lilelile, eti niende pale kwetu au nijibane nikalipie mjini? Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naandika yote hapa mara moja. Jibu langu ni nenda pale kwetu. Kliniki anzia pale, chanjo za mtoto malizia palepale, ila siku ya kujifungua uwe umeshajipanga mapema, na nitaeleza kwa nini maana mi yalinikuta.

Jina la kituo silitaji, na halmashauri siitaji pia. Niseme tu tuko mkoa wa Morogoro huku vijijini, hospitali kubwa ni mwendo wa saa nzima na gari, na hapo mvua isiwe imenyesha. Ni kituo cha serikali kiko chini ya halmashauri. Nalisema hili maana wengi wakiudhika pale dirishani wanailaumu wizara, wizara inatoa sera na miongozo, lakini zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya ni vya halmashauri chini ya TAMISEMI, yani ofisi ya Rais ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ukiwa na shida unaanza na mganga mfawidhi, yani mkuu wa kituo, hapohapo, akishindwa unakwenda kwa mganga mkuu wa wilaya, mpaka diwani wako anahusika, hawa wote ni watu unaoweza kuwafikia kwa miguu au kwa nauli ya bodaboda.

Mtoto wangu wa kwanza nilimbeba mwaka 2016, enzi hizo ilikuwa zahanati tu. Vyumba vitatu, maji ya kubeba kwenye ndoo, usiku tochi ya simu. Kina mama tunakaa chini ya mwembe toka alfajiri tunasubiri kupimwa. Af mwaka 2018 zikaja zile hela za kupandisha zahanati kuwa vituo vya afya, zile za fosi akaunti, mafundi ni wa hapahapa kijijini na wananchi tunasomba mchanga na mawe, mume wangu alisomba, na mi nilibeba maji ya zege mwanangu yuko mgongoni. Ikajengwa maabara, wodi ya wazazi, nyumba ya mtumishi na jengo la upasuaji. Kwa hiyo naposema hiki kituo ni chetu nina maana hiyo, jasho letu limo kwenye msingi.

Tuanze na kliniki ya wajawazito maana hapo ndo wanafanya vizuri kuliko sehemu nyingine zote. Siku ya kwanza wanakupima uzito, kimo, presha, mkojo, wingi wa damu, malaria, VVU na kaswende, vyote hulipi hata mia. Unapewa chandarua chenye dawa, unapewa vidonge vya kuongeza damu, na ukishafikisha wiki kama 14 unaanza kumeza zile SP za kuzuia malaria, unazimeza palepale nesi anakuangalia, usione wanakubana jamani, wanajua tukipewa tukamezee nyumbani nyingine zinaishia kwenye kabati. Huku kwetu malaria haina masihara, mjamzito akiugua inamla damu na mtoto anazaliwa mdogo. Kwa mtoto wa kwanza niliambiwa mahudhurio manne yanatosha, kwa huyu wa pili wanataka manane, nikaona usumbufu mwanzoni ila hayo mahudhurio ya mwisho mwisho ndo yaliyokuta presha yangu inapanda taratibu, kila wiki juu kidogo.

Kitu kimoja kwenye kliniki hiyohiyo kilichoniuma, na bado kinaniuma. Siku ya kwanza unaambiwa njoo na mume. Lengo naliunga mkono kabisa, baba apime VVU na ye, asikie dalili za hatari na ye, mume wangu alivyosikia pale ndo aliyeniokoa baadae. Lakini kuna dada mmoja tulikuwa nae kwenye benchi, mwanaume kamkimbia toka mimba ina miezi miwili, akarudishwa akalete barua ya mwenyekiti wa kijiji kwamba hana mume. Mwenyekiti kasafiri. Yule dada kazunguka na tumbo lake wiki mbili anatafuta mtu wa kuandika kwamba kaachwa, af barua yenyewe inasomwa mbele za watu. Wiki mbili za kupimwa zimekwenda hivyo. Mjamzito akija peke yake apokewe, apimwe, mambo ya baba yafuate baadae. Nimemwambia nesi mkuu hivyohivyo na narudia hapa.

Sasa siku yangu yenyewe. Februari 2024, saa 7 usiku, nimeamka kichwa kinagonga, naona vitu kama nyota nyota na ukungu mbele, uso umevimba. Mume wangu alikumbuka yale ya kliniki akasema hizi ndo zile dalili, hatukusubiri asubuhi, bajaji ya jirani mpaka kituoni. Zamu kulikuwa na nesi mmoja tu. Kanipima presha 170 kwa 110, kapima mkojo protini imejaa, akaniambia mama usiogope lakini hii inaelekea kifafa cha mimba, nakuchoma dawa sasa hivi. Ile sindano ya magnesiamu inachomwa matakoni huku na huku, inauma kama umekalia kaa, ila namshukuru Mungu ilikuwepo na alijua kuitumia bila kupiga simu kuuliza mtu.

Akapiga 115. Hii namba kila mtu aiandike ukutani nyumbani kwake. Ni ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, ulianzia Sengerema na Shinyanga huko kanda ya ziwa ndo ukasambazwa nchi nzima, kupiga ni bure na hata ukiwa nyumbani unapiga. Ambulensi ya halmashauri ilikuwa imeshapeleka mgonjwa mwingine, wakamtuma dereva teksi, maana wana madereva wa kawaida waliosajiliwa, wakikufikisha wanalipwa na mpango kwa simu. Gari lilifika dakika kama 40. Nesi alimwamsha mwenzie kwenye nyumba ya mtumishi aje ashike wodi, ye akapanda na mimi mpaka hospitali, njia nzima kanishika mkono anahesabu ninavyopumua. Hatukumlipa dereva hata shilingi, mume wangu alitaka kumpa elfu kumi ya shukrani akaikataa. Nikapasuliwa kabla hakujakucha, mtoto wa kiume kilo 2.6, analia kwa nguvu.

Lakini ngoja niwaambie kilichokuwa kinapita kichwani kwangu zile dakika 40. Kitanda cha leba kiko karibu na dirisha, nje kuna taa ya sola, na mbele yangu naliona jengo la upasuaji. Lileile. Limepakwa rangi, lina kitanda, lina taa kubwa ya juu, lina kufuli mlangoni. Halifanyi kazi kwa sababu hakuna mtaalamu wa usingizi, alikuwepo mmoja kakaa miezi michache akahamishwa, daktari wa kupasua yupo ila nani atalaza mgonjwa? Mi nilikuwa nalitazama nasema ningepasuliwa hapo, hatua 30 tu kutoka kitandani, nesi asingeacha wodi, mume wangu asingekuwa analia kwenye korido anadhani sionani nae tena. Mi nilibahatika barabara ilikuwa kavu. Masika ya mwaka huohuo barabara yetu ilikatika kabisa, gari haliendi wala halirudi, nikawa nawaza kila usiku ingekuwa mwezi wa nne ningekuwa wapi.

Nchi imepiga hatua, hilo siwezi kulikana. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha vifo vya kina mama 556 kwa kila vizazi hai laki moja, ule wa 2022 ukaonyesha 104. Mimba yangu ya kwanza iko kwenye zama za ile 556 na ya pili kwenye hizi za sasa na tofauti nimeiona kwa macho: sindano ipo, simu inapokelewa, gari linakuja. Kilichobaki ni mtu mmoja wa usingizi. Mmoja tu, kwa jengo ambalo limeshajengwa.

Kuhusu neno bure. Sera inasema mjamzito na mtoto chini ya miaka 5 wanatibiwa bure, na kumuona daktari ni bure kweli, kipimo bure, kitanda bure. Ila usiende na mikono mitupu. Mwaka 2016 nilipewa orodha nzima ninunue mwenyewe, glovusi, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kulalia, mpaka sindano. Mwaka 2024 orodha ilipungua, waliniambia glovusi, mpira na kibanio cha kitovu kama akiba ikitokea vimeisha, jumla kama 20,000 hivi duka la dawa la pale sokoni. Kwa anaelima mahindi na kuuza debe debe hiyo ni hela, na wapo wanaoogopa kuja kujifungulia kituoni kwa sababu ya aibu ya kutokuwa na vile vitu, wanazalia nyumbani kwa bibi. Mi ushauri wangu kila ukienda kliniki nunua kitu kimoja weka kwenye begi, na kama huna kabisa NENDA HIVYOHIVYO, hawaruhusiwi kukurudisha na hapa kwetu sijaona wakimrudisha mtu akiwa na uchungu.

Lugha za manesi watu wananiuliza sana. Mwaka 2016 nilitukanwa, sitaficha, niliambiwa maneno ambayo sitayaandika hapa wakati nasukuma mtoto wangu wa kwanza nina miaka 20. Miaka hii wamebadilika kwa kweli, wengi vijana, wanajitambulisha jina, wanakuita mama, ukutani wamebandika namba za simu za mganga mfawidhi na za wilayani za kupeleka malalamiko. Bado yupo mmoja wa zamu ya jioni ana mdomo mkali ila hata ye mkono wake mwepesi na kazi anaijua.

Chanjo. Hapa wanapata maksi zote kasoro jambo moja. Akizaliwa tu anachomwa ya kifua kikuu begani na matone ya polio, wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ndo zile za mapajani na matone, ya kichomi, ya kuhara, ile ya magonjwa matano kwa pamoja, miezi 9 surua na rubella, mwaka mmoja na nusu surua na rubella tena. Watu wengi wanaruka hiyo ya mwaka na nusu wanaona mtoto keshakua, usiruke, dozi moja ya surua haimkingi kila mtoto. Na vitamini A na dawa za minyoo kila miezi 6. Kadi ya kliniki itunze kama cheti cha kuzaliwa, mi naweka kwenye nailoni ndani ya sanduku.

Hilo jambo moja ni hili. Chanjo ya surua inakuja kwenye kichupa cha dozi 10, wakishaichanganya lazima iishe ndani ya masaa 6, ikibaki inamwagwa. Kwa hiyo siku watoto wakiwa wachache wanaambiwa rudini Alhamisi. Mi niko karibu nilirudi, ila kuna mama anatoka kitongoji cha juu mlimani, masaa mawili na nusu kwa miguu na mtoto mgongoni, alirudishwa mara mbili na mara ya tatu hakuja. Naelewa hawataki kumwaga dawa ya serikali, lakini dozi 9 zikimwagwa hasara yake ni ndogo kuliko surua ikiingia kule mlimani. Sasa hivi wametangaza siku maalum ya surua na muhudumu wa afya wa kitongoji anapita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha, imesaidia sana, watoto wanajaa, hakuna anaerudishwa. Ulizeni kwenu siku ni ipi kabla hamjapanda mlima kushuka.

Binti yangu yule wa 2016 alipofikisha miaka 9, wakaja shuleni kuwachanja ile ya saratani ya mlango wa kizazi. Zamani walikuwa wanapewa wenye miaka 14 na dozi mbili, tangu 2024 ni dozi moja kuanzia miaka 9. Maneno yalikuwa mengi mtaani, eti inafunga kizazi, kuna wazazi waliwaficha watoto ndani siku hiyo. Mi nimemuuguza mama yangu mkubwa kwa saratani hiyohiyo, najua harufu ya kile chumba na najua alivyokuwa anaomba afe. Binti yangu kachanjwa, mkono ulimuuma siku moja, kesho yake alikuwa anaruka kamba.

Tukija kwa wazee. Mama mkwe wangu ana presha na sukari, tuna kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile bima ya mfuko wa afya ya jamii, tuliikatia 30,000 kwa mwaka kaya ya watu 6, na kwa bei hiyo usingepata kitu kama hicho popote. Kuna dirisha la wazee, hakai foleni, wanamheshimu, wanamuita bibi, mpaka wanamuuliza kama amekula. Shida ni dawa. Miezi minne kati ya sita iliyopita dawa yake ya presha haikuwepo, anaandikiwa akanunue nje, sasa kadi ina kazi gani kama dawa unanunua? Na presha haina dawa ya wiki hii unameza wiki ijayo unapumzika, mi mwenyewe nimeonja presha inavyofanya.

Baba mdogo wangu ni mjumbe wa kamati ya usimamizi ya kituo, ndo alinifungua macho. Kumbe tangu mwaka wa fedha 2017/18 hela za mfuko wa pamoja wa afya, zile wanazochangia wafadhili, haziishii wilayani, zinaingia moja kwa moja akaunti ya kituo, na mpango wa matumizi unapita kwenye kamati ambayo ina wananchi ndani. Na dawa ikikosekana bohari ya dawa MSD, kuna utaratibu unaitwa jazia, ulianza Dodoma 2014 ukaja kwetu Morogoro na Shinyanga, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yani muuzaji binafsi aliyeshinda zabuni ya mkoa kwa bei iliyopangwa. Kwa hiyo "dawa imeisha MSD" sio mwisho wa maneno, swali linalofuata ni oda ya kwa mshitiri imepelekwa lini? Baba mdogo aliuliza hivyo kikaoni, ikaonekana oda ilichelewa kuandikwa kwa sababu anaeshika stoo ndo huyohuyo anaetoa dawa dirishani ndo huyohuyo anaeingiza taarifa kwenye kompyuta. Watumishi hawatoshi, kila shida ya pale ukiifukua chini unakuta hilo.

Afisa afya wa kata nae nimtaje maana watu wanamuona kama adui. Anakagua vyoo, anakagua migahawa ya stendi, anawapiga faini wenye vyoo vya magunia. Masika ile ya 2024 maji yalivyoingia visimani alipita na vidonge vya kutibu maji nyumba kwa nyumba na buti zake, kipindupindu huku kwetu hakikuingia. Mkimuona mpeni kiti akae.

Kwa atakaenda: fika kabla ya saa 2 asubuhi, kliniki ya wajawazito ni Jumatatu na Jumatano, beba chupa ya maji ya kunywa maana bomba la nje mara nyingi kavu, choo cha wodi ya wazazi ni kisafi ila cha wagonjwa wa nje sio. Hela hulipi mkononi mwa mtu, unapewa namba ya malipo unalipia kwa simu na risiti inakuja, yeyote atakaekwambia mpe ye mkononi omba risiti kwanza. Na kama presha yako imeshaanza kupanda au ulishapasuliwa nyuma, usisubiri uchungu ukukutie hapa, omba rufaa mapema ukakae karibu na hospitali hata kwa ndugu, mpaka pale jengo letu litakapofunguliwa.

Kikao cha kamati kijacho ni mwezi ujao. Baba mdogo ataenda na barua ya mtaalamu wa usingizi, tumeshaiandika, kina mama 63 tumeweka sahihi na wasiojua kuandika wameweka dole gumba, diwani kaahidi kuipeleka kwenye baraza la madiwani. Nikienda kuchukua dawa za bibi nitapita kuangalia ile kufuli.